Mistari minne ya "hakufika"

Katika daftari la rufaa la kituo chetu cha afya, pembezoni mwa mji wa Kisumu, kuna ukurasa wa Machi 2020 ambao neno moja limeandikwa mara nne kwa kalamu nyekundu, moja chini ya jingine: hakufika. Mwandiko ni wangu. Mwisho wa mwezi ule nilimpigia simu muuguzi wa kliniki ya wanawake katika hospitali kubwa tuliyokuwa tukiwatuma wagonjwa, nikamsomea majina manne. Akafungua daftari lake, akaniambia hakuna hata mmoja aliyeandikishwa Jumanne ile. Nikaandika. Nilijiona nimefanya kazi yangu vizuri, maana wengi wetu tulikuwa tukishaandika barua ya rufaa basi tumemaliza.

Kisa ninachokichambua ni cha mwanamke wa mstari wa pili. Ameniruhusu kukieleza, jina lake na mtaa wake nimeviacha. Wakati huo alikuwa na miaka 43, mama wa watoto wanne, muuza mitumba katika soko la Kibuye. Ugonjwa wake ni saratani ya mlango wa kizazi, ambayo kwa makadirio ya mwaka 2020 iliwapata wanawake 5,236 hapa Kenya na kuua 3,211. Kati ya siku niliyomwona mara ya kwanza na siku aliyoanza kuchomwa kwa mionzi zilipita siku 314. Nimezihesabu moja moja kwenye kalenda, na nataka kuonyesha zilikwenda wapi.

Alikuja Jumanne, tarehe 10 Machi 2020. Alilalamika kwamba damu ilikuwa ikimtoka katikati ya mwezi na kila baada ya kukutana na mumewe, na hali hiyo ilikuwa imeingia mwezi wa nne. Wenzake sokoni walimwambia ni sindano ya kupanga uzazi. Akaiacha, damu haikukoma. Vituoni tunapima kwa siki: unapaka siki iliyopunguzwa makali, asilimia 3 hadi 5, kwenye mlango wa kizazi, unangoja dakika moja, na pale penye seli zilizoanza kuharibika panageuka peupe. Kwake siki sikuifungua. Nilipoweka spekula, chombo cha kupanulia njia ya uzazi, na kusogeza taa niliona kinyama kimeota upande wa juu, kipana kama ncha ya kidole gumba, uso wake umekwaruza. Nilipokigusa kwa pamba kikatoa damu. Aliyefunzwa kipimo hiki anajua kwamba hapo siki haina kazi tena. Mtu anapaswa kukatwa kinyama kipelekwe maabara, na upesi. Nikamwandikia barua ya kwenda kliniki ya Jumanne tarehe 24 Machi. Wanawake wengine watatu niliowaona wiki hizo niliwapa tarehe hiyohiyo.

Ijumaa ya tarehe 13 ikatangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amethibitishwa nchini. Jumatatu iliyofuata shule zikafungwa. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Matatu ya abiria 14 ikatakiwa kubeba 8, na nauli ikapanda. Mimi niliondolewa kwenye chumba cha uchunguzi nikawekwa langoni na kipima joto, kwa sababu mtu wa langoni alihitajika na uchunguzi wa saratani ulikuwa, kwa lugha ya barua tuliyosomewa, huduma isiyo ya dharura. Chumba kikafungwa, taa yetu ya uchunguzi ikahamishwa. Sikupinga. Hata mimi nilikuwa na hofu ya kile tulichokuwa tukikiona kwenye televisheni.

Nilimwona tena mwishoni mwa Mei, kwenye foleni, barakoa ya kitambaa usoni na leso imefungwa kiunoni juu ya gauni. Nilimtambua kwa macho. Nikamwelekezea kipima joto kwenye paji la uso, na kabla sijasoma nambari nikamuuliza, mbele ya watu, "Mama, mbona hukufika hospitali nilikokutuma?" Aliinamisha kichwa. Akasema, "Nisamehe, sista. Naomba uniandikie barua nyingine." Leso ile, kama nilivyoona baadaye alipolala kitandani, alikuwa ameifunga kuficha damu.

Kinyama kikakatwa tarehe 2 Juni. Hizo ni siku 84 tangu nimwone. Daktari aliyemkata aliandika kwamba uvimbe umefika kama sentimita 4 na pembeni bado pako sawa.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu watu wengi hudhani kinyama kikishakatwa kazi imekwisha. Alipewa kichupa. Kichupa cha plastiki chenye mfuniko mweupe, ndani yake fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, na chini vipande vitatu vidogo vya nyama vyenye rangi ya kijivu. Jina lake liliandikwa kwenye plasta iliyobandikwa ubavuni. Gari lililokuwa likikusanya vichupa kuvipeleka maabara lilikuwa limepewa kazi ya kusafirisha sampuli za korona, kwa hiyo familia iliambiwa ikipeleke yenyewe kwenye maabara ya kulipia. Pesa hazikuwepo. Mwezi Machi uleule serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza mitumba kwa kuhofia virusi, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi Agosti. Belo za zamani ziliisha, bei ya zilizobaki ikapanda, na wanunuzi wenyewe hawakuwa na hela. Kichupa kikakaa nyumbani siku 9, juu ya kabati la vyombo, kimefunikwa na bakuli ili watoto wasikiguse. Kwa bahati nzuri aliyekijaza alikuwa ametia fomalini ya kutosha, zaidi ya mara kumi ya ukubwa wa nyama yenyewe, kwa hiyo vipande havikuoza. Mtoto wake wa kwanza, kijana wa miaka 18 ambaye shule ilikuwa imefungwa, ndiye aliyekipeleka kwa miguu tarehe 11 Juni, baada ya dada ya mama yake kutuma pesa kwa M-Pesa.

Majibu yalitoka tarehe 6 Julai: saratani. Siku moja baadaye, tarehe 7, barabara ya kuingia Nairobi ikafunguliwa baada ya kufungwa tangu tarehe 6 Aprili. Ningependa kusema kwamba mambo yalikutana vizuri, lakini kadi yake ya NHIF, bima ya afya ya taifa ya wakati huo, ilikuwa imelala. Alikuwa akilipa shilingi 500 kila mwezi kwa miaka mitatu mfululizo bila kukosa, akaacha Aprili biashara ilipoanguka. Kulipa malimbikizo pamoja na faini na kupata barua ya rufaa iliyokamilika kulichukua siku 22. Tarehe 28 Julai alikuwa na barua mkononi na jibu la maabara la kiwango cha damu: 6.4.

Kwa mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi nambari hiyo ina maana kubwa kuliko uchovu na kizunguzungu. Mionzi huua seli za saratani kwa msaada wa oksijeni iliyomo ndani ya uvimbe. Damu ikiwa nyepesi oksijeni haifiki, na uvimbe unaweza kustahimili dozi ambayo ingeumaliza. Ndiyo maana madaktari hutaka kiwango kifike karibu 10 kabla ya kuanza. Alihitaji painti nne.

Sasa, damu ya akiba hapa nchini kwa miaka mingi imetoka hasa kwa wanafunzi wa shule za sekondari. Gari la damu huingia shuleni asubuhi, vijana wa kidato cha tatu na cha nne hupanga foleni, hupewa soda na biskuti, na jioni gari huondoka na painti nyingi. Shule zilipofungwa tarehe 16 Machi chemchemi hiyo ilikauka siku hiyohiyo. Wanafunzi wachache walianza kurudi tarehe 12 Oktoba, na shule zote hazikufunguliwa hadi tarehe 4 Januari 2021. Nimeshasikia watu wakieleza athari za kufungwa kwa shule kwa kuhesabu mimba za wasichana na mitihani iliyoahirishwa, na ni kweli. Lakini sijasikia mtu akimhesabu mama wa mitumba aliyelala kitandani akingoja painti ambazo zingetoka kwa kijana wa shule ya bweni asiyemjua, naye hamjui.

Ndugu walihofia hospitali. Wengi walikuwa radhi kudungwa sindano lakini si kupita lango lile. Mwishowe vijana wa bodaboda wa steji ya karibu na kwao, ambao mumewe huwatengenezea pikipiki, walijitokeza tisa, wakakubaliwa sita. Alipata painti ya nne tarehe 30 Septemba. Siku 64.

Kuna jambo jingine la nyumba hiyo ambalo lingenipita kama nisingekuwa nikiingia na kutoka pale. Binti yake mdogo, wa miaka 10, alikuwa amepata dozi ya kwanza ya chanjo ya virusi vya HPV mwishoni mwa 2019, muda mfupi baada ya chanjo hiyo kuzinduliwa nchini Oktoba mwaka huo. Aina mbili za virusi hivyo, ya 16 na ya 18, ndizo chanzo cha karibu asilimia 70 ya saratani anayougua mama yake. Dozi ya pili ilitakiwa baada ya miezi sita, yaani karibu Aprili 2020, wakati shule zimefungwa na wazazi wanaogopa kliniki. Nilimdunga mwenyewe Februari iliyofuata. Daktari wa chanjo aliniambia kuchelewa kwa dozi ya pili hakuharibu ya kwanza, na hilo lilinituliza. Kwa mama kuchelewa hakukuwa hivyo.

Alifika Nairobi tarehe 13 Oktoba, kwa sababu Kisumu hapakuwa na mashine ya mionzi katika hospitali ya umma. Zamani mgonjwa wetu alipanda basi la usiku, akaingia Nairobi alfajiri, akaonwa mchana, usiku akapanda jingine kurudi. Karibu kilomita 340 kila upande, hachoki kama mtu wa mchana na halipi pa kulala. Kafyu iliua safari hiyo. Kusafiri mchana kulimaanisha usiku mbili za malazi, kwake na kwa anayemsindikiza. Ana shemeji Nairobi, lakini wanaishi chumba kimoja na mtoto mwenye pumu, na shemeji alimwambia kwa simu, kwa sauti ya mtu anayelia, kwamba anaogopa kumpokea mtu aliyetoka kwenye basi. Hakumlaumu. Alilala kwenye nyumba ya wageni karibu na hospitali, yeye na mwanawe, kitanda kimoja.

Uchunguzi wa Oktoba ndio ulioonyesha gharama. Uvimbe uliokuwa na pembeni safi mwezi Juni ulikuwa umefika ukuta wa nyonga upande wa kushoto na kubana mrija unaoteremsha mkojo. Figo ya kushoto ilikuwa imevimba na kipimo cha utendaji wa figo kilikuwa kibaya. Tangu 1999 inajulikana kwamba mgonjwa kama yeye hufaidika akipewa dawa ya sisplatini kila wiki wakati anachomwa. Dawa huudhoofisha uvimbe, mionzi humalizia. Lakini sisplatini inaumiza figo, na mtu ambaye figo zake tayari zimeyumba hapewi. Kwa hiyo dawa hiyo ilifutwa kwenye mpango wake kwa mstari mmoja wa kalamu. Watu wakiuliza kuchelewa kumemgharimu nini, mimi huwajibu kwa kitu hicho kimoja kinachoshikika: kumemnyang'anya dawa.

Akapewa tarehe ya kuanza: 18 Januari 2021. Siku 97 za kungoja mashine.

Katikati ya siku hizo ukaja mgomo. Tarehe 7 Desemba 2020 wauguzi na maafisa wa kliniki wa kaunti nyingi waliweka vifaa chini, wakidai vifaa vya kujikinga, bima na marupurupu ya hatari, na madaktari wakafuata baadaye mwezi huohuo. Nilikuwa kwenye mgomo. Madai yetu yalikuwa ya haki na nikiulizwa leo nitasema hivyohivyo. Tulikuwa tumezika wenzetu. Na katikati ya Desemba, usiku mmoja, mama huyu alivuja damu hadi godoro likalowa, mwanawe akanipigia, na kituo ambacho kingempokea kilikuwa kimefungwa kwa kufuli ambalo nilikuwa nimeliona likifungwa. Walimpeleka hospitali ya misheni na kulipa kwa pesa walizokuwa wameweka za malazi ya Nairobi. Yote mawili ni kweli na sijaweza kuyapatanisha.

Alianza kuchomwa tarehe ileile aliyopangiwa. Vipindi 25, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki tano, kisha mionzi ya ndani mara tatu. Alimaliza tarehe 9 Machi, siku ya 50 tangu aanze. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu matibabu haya yakivuka siku 56 kila siku inayoongezeka hupunguza uwezekano wa kupona, na wahudumu wa Nairobi walipambana kuhakikisha hakosi kipindi. Wamama wa kanisa lake walichanga malazi. Shemeji alimletea chakula kila Jumapili, akikiacha kwenye ngazi.

Nikizipanga siku 314 upya, swali langu huwa ni lipi kati ya haya lililetwa na korona na lipi tulikuwa nalo tangu zamani. Mara nyingi tunaitupia korona kila kitu, na hilo linatusaidia kusahau. Foleni ya mashine haikuanza 2020. Wagonjwa wa magharibi mwa Kenya walikuwa wakingoja mionzi kwa miezi hata kabla ya mtu kusikia neno barakoa. Janga liliongeza foleni kwa wagonjwa waliorundikana barabara zilipofunguliwa, na kwa kuachanisha watu kwenye vyumba vya kungojea. Kichupa kubebwa na ndugu hakukuanza na korona pia. Nimeona vichupa kwenye mifuko ya akina mama tangu nianze kazi. Bima inayolala pale biashara inapolala ni tatizo la bima yenyewe. Korona ilipita juu ya nyufa hizi zote kama maji ya mafuriko ya mto Nyando: mahali palipokuwa na ufa ndipo yalipoingia.

Damu naiweka kwa janga karibu yote. Na siku 84 za mwanzo naziweka kwa janga yote. Ndizo zinazonisumbua zaidi, kwa sababu hazikuhitaji mashine wala pesa nyingi. Zilihitaji chumba, spekula, mkasi wa kukatia kinyama, na mtu mmoja wa kushika simu. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la BMJ Novemba 2020, ukijumlisha tafiti za saratani mbalimbali, ulionyesha kwamba kila wiki nne za kuchelewa kwa matibabu huongeza hatari ya kifo kwa kiasi cha asilimia 6 hadi 13. Siku 84 ni wiki nne mara tatu.

Nilichojifunza kuhusu siku hizo sikukijua hadi Mei 2021. Lakini kwanza lazima nieleze Aprili. Tarehe 26 Machi 2021 Nairobi, Kiambu, Kajiado, Machakos na Nakuru zilifungwa pamoja kama eneo moja, na haikuruhusiwa kuingia wala kutoka hadi tarehe 1 Mei. Kutoka Kisumu huwezi kufika Nairobi kwa barabara kuu bila kupita Nakuru, kwa hiyo polisi walisimama mpakani na mabasi yakageuzwa. Yeye alikuwa na tarehe ya kurudi kliniki Nairobi, Jumanne ya 20 Aprili. Siku iliyotangulia simu yake ililia. Alikuwa muuguzi wa kliniki ile. Alimwambia, "Mama, usisafiri kesho, njia imefungwa, tutafanya kwa simu." Akamuuliza kama damu imerudi, mkojo unatoka vipi, mguu umevimba, choo kikoje, anakula. Akamtumia jina la kipimo cha figo afanye hapa Kisumu, na kijana wake akapiga picha majibu akayatuma. Dakika ishirini. Barabara ilikuwa imefungwa sawasawa na mwaka uliopita, na huko Nairobi hakuna aliyemwandikia kwamba hakufika.

Mwezi Mei nilimtembelea nyumbani kuona anaendeleaje. Karatasi zake zote anaziweka ndani ya mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia, umeoshwa ukakauka vizuri, ili panya wasizifikie. Tulikuwa tumezimwaga mezani tukizipanga kwa tarehe, stakabadhi, kadi, barua zangu mbili, jibu la maabara. Chini kabisa kulikuwa na kijikaratasi kilichochanwa kutoka daftari la mistari, kidogo kama tiketi ya matatu. Kimeandikwa kwa kalamu ya bluu: 31. Na chini yake: 24/3/20.

Nikamuuliza ni cha nini.

"Si ni nambari ya foleni," akasema. "Ya ile siku ya kwanza. Tulikaa langoni tangu saa moja asubuhi. Askari alitugawia nambari. Kama saa sita akatoka mtu wa ofisi akasema kliniki imesimamishwa, tuandike simu zetu kwenye karatasi, tutaitwa. Nikaandika ya huyu kijana. Sikuitwa."

"Mbona hukuniambia siku ile nilipokuuliza?"

"Uliniuliza mbele ya watu, sista. Na ulikuwa umeshasema sikwenda."

Ikawa hivyo basi. Daftari la kliniki lilikuwa ndani, na mgonjwa alikuwa nje. Muuguzi mwenzangu hakunidanganya. Aliona ukurasa mtupu. Mimi nilitafsiri ukurasa mtupu kuwa mwanamke mzembe, nikamwandika hivyo, na wiki tisa baadaye nikamsemea hivyo. Nadhani ndiyo maana sikumtafuta Aprili nzima. Ukimwandikia mtu kwamba alirudishwa, unajua kazi imebaki kwako. Ukimwandikia kwamba hakufika, umemkabidhi yeye kazi hiyo, na kalamu nyekundu inakupa usingizi.

Kumbukumbu ya mgonjwa haifutwi. Inakatwa kwa mstari mmoja ili ya chini yasomeke, kisha unaandika usahihi, unaweka sahihi na tarehe. Siku ya pili nilifungua ukurasa ule, nikakata neno, nikaandika: "Alifika 24/3/2020, nambari 31. Alirudishwa langoni." Halafu macho yakateremka na kupanda kwenye mistari mitatu mingine.

Wa mstari wa kwanza nilimpata kupitia mhudumu wa afya wa jamii. Alikuwa amekimbilia kwao Siaya kafyu ilipoanza. Naye alifika langoni siku ile. Alikumbuka hata mvua iliyonyesha saa nne. Yeye alikuwa na madoa meupe tu, ambayo bado si saratani, na alikuwa ametibiwa huko kwao kwa kugandishwa madoa hayo kwa baridi kali. Yuko salama.

Wa tatu, simu ilipokelewa na dada yake, Homa Bay. Aliniambia tumechelewa, walimzika Novemba. Nikamuuliza, kwa kuogopa jibu, kama aliwahi kwenda hospitali ile niliyomtuma. Akasema walikwenda pamoja, walirudishwa, walingoja simu. Mstari wake pia nimeukata na kuuandika upya, na sahihi yangu iko hapo.

Juni 2021 wimbi jipya lilipofika kwetu, na Kisumu kuwekwa miongoni mwa kaunti 13 za magharibi mwa Kenya zenye kafyu ya saa moja jioni, niliketi na simu ya kituo na orodha ya wanawake 11 waliokuwa na rufaa wiki hizo. Nilimpigia kila mmoja siku mbili kabla ya tarehe yake, na kabla ya hapo nilipigia kliniki kuuliza kama itakuwa wazi. Kwenye daftari nimechora safu mpya pembeni, kwa rula, yenye kichwa "sababu". Mwezi ule safu hiyo ina maneno kama "nauli", "kliniki ilifungwa", "mume amelazwa korona", "ana mtoto mchanga hana wa kumwachia". Kila moja kati ya hayo lina mtu wa kulishughulikia. Kwa aliyekosa nauli tulichanga. Aliyefungiwa kliniki alipewa tarehe nyingine kabla hajaondoka nyumbani.

Mama wa nambari 31 yuko. Figo ya kushoto haikurudi kufanya kazi, ya kulia inambeba. Anauza tena Kibuye, siku tatu kwa wiki, nguo za watoto, kwa kuwa belo la watoto si zito kuinua. Nikipita huniita kwa sauti hadi wenzake wanageuka.

Mstari wa nne bado haujabadilika. Niliyemwandika hapo alikuwa na miaka 36 na nilimwona siku moja tu, tarehe 12 Machi, kabla ya korona kutangazwa. Katika nyumba aliyokuwa amepanga kuna wapangaji wengine sasa, na mwenye nyumba hakujua kwao ni wapi. Nambari yake naipiga kila mwanzo wa mwezi. Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Siwezi kuandika kwamba alifika, kwa sababu sina kijikaratasi chake, na neno lililopo siwezi tena kuliamini, kwa hiyo nimeweka alama ndogo ya kuuliza mbele yake, kwa penseli.